Ugoro Hauna Moshi

Mhariri wetu alipotangaza kwenye paredi ya kuwa gazeti la muhula huu lina nafasi ya maoni ya wanafunzi, wenzangu wengi walisema wataandika juu ya chakula, na wengine juu ya mpira. Mimi nimechagua ugoro. Najua wako watakaocheka, kwa maana ugoro kwetu ni jambo la wazee na la bibi zetu, wala halikupata kuhesabiwa kuwa jambo la kuandikiwa gazetini. Lakini nawaomba wanafunzi wenzangu, na walimu wetu, na wazazi mtakaolisoma gazeti hili nyumbani, mnivumilie mpaka mwisho, ndipo mcheke kama bado mtaona pana la kuchekesha.

Muhula mmoja, usiku baada ya prepu, harufu ya sigara ilisikika katika bweni letu. Mwalimu wa zamu alikuja pamoja na viranja, taa zikawashwa, tukasimama kila mtu kando ya kitanda chake, na matranka yote yakafunguliwa. Sigara 3 zilipatikana ndani ya soksi ya kijana mmoja. Yeye na mwenziwe walipewa adhabu na wazazi wao wakaitwa. Mzazi mmoja alitoka Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, akapoteza siku 2 za kazi kwa ajili ya sigara 3. Sisemi kuwa adhabu ile ilikuwa dhuluma. Sheria ya shule ilikuwa imesomwa mbele yetu, nao waliijua.

Lakini katika ukaguzi ule ule, ndani ya tranka la tatu kutoka mlangoni, palionekana kikopo cha dawa ya viatu ambacho hakikuwa na dawa ya viatu. Mwalimu alikifungua, akanusa, akapiga chafya mara 2. Bweni zima likacheka, naye akacheka. Akauliza, "Hii dawa ya bibi yako umeileta huku ya nini?" Kisha akakifunika, akakirudisha mahali pake, akaenda kwenye tranka la nne.

Kikopo kile kilikuwa changu.

Simlaumu mwalimu hata kidogo. Alifanya kama angalivyofanya mtu yeyote wa nchi hii, kwani bila shaka hata kwao yuko babu au bibi mwenye kikopo kama kile. Ninalosema ni kwamba usiku ule sisi vijana wote wa bweni tulifundishwa somo, tena tulilishika vizuri kuliko masomo mengine, ya kuwa kosa la tumbaku ni moshi wake. Wiki iliyofuata wenzetu 2 ambao sitawataja waliacha kutafuta sigara, wakaja kwangu kuomba ugoro. "Huu hauna moshi," walisema. Nami nikawagawia.

Basi yafaa nieleze kitu chenyewe, kwa kuwa baadhi ya walimu wetu wametoka mikoa ya mbali. Tumbaku si mgeni katika Tarime na Serengeti. Hulimwa hapa hapa, na ndugu zetu Wakuria wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori, wameilima miaka mingi kwa makampuni. Majani yakikaushwa husagwa au hutwangwa, yakachekechwa mpaka yawe unga laini, ukatiwa magadi. Huo ndio ugoro. Wazee wengine huuvuta puani. Wengine, na vijana karibu wote, hubwia: huchukua kidogo kwa vidole 2, wakauweka kati ya mdomo wa chini na ufizi, ukakaa huko ukiyeyuka taratibu huku mate yakitemwa. Sokoni huuzwa katika vikaratasi kwa bei ambayo mtoto wa shule ya msingi aweza kuimudu. Haukuandikwa kitu chochote juu yake. Ukinunua sabuni utasoma imetengenezwa wapi na kwa nini, lakini ukinunua ugoro unanunua imani yako kwa yule mama anayeupima kwa kijiko.

Mwaka huu, tulipokuwa tukirudia somo la asidi na besi, nilimwomba mwalimu wetu wa kemia ruhusa ya kuupima ugoro. Nililoweka kiasi kidogo katika maji, nikachuja, nikatia karatasi nyekundu ya litmasi. Ikageuka buluu papo hapo. Kazi hiyo ni ya magadi. Nikotini, ambayo ndiyo kileo cha tumbaku, ikiwa ndani ya asidi haipenyi upesi katika ngozi laini ya kinywa, lakini ikiwa ndani ya besi huachiliwa, ikapenya na kuingia katika damu kwa haraka. Wazee wetu walioanza kuchanganya magadi hawakuwa na litmasi, ila waliufahamu ukali, na waliutafuta. Kwa hiyo mtu akiniambia ya kuwa ugoro ni tumbaku ya upole, ya kumfaa mzee asiye na nguvu za kuvuta, namwambia aende maabara.

Tena si nikotini peke yake. Nikotini ndiyo imfungayo mtu kamba, lakini ziko sumu nyingine zitengenezazo ugonjwa. Wataalamu wamehesabu katika tumbaku isiyo ya moshi zaidi ya kemikali 20 ziwezazo kuleta saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa. Zilizo mbaya zaidi huitwa nitrosamini, nazo huzaliwa katika jani lenyewe linapokaushwa na kuchachushwa na kuwekwa, hata kabla ya moto wowote kuwashwa. Jambo hili ndilo lililonishangaza kupita yote. Mimi nilikuwa nikidhani ubaya unatoka katika kuungua. Kumbe jani laweza kuwa na ubaya wake likiwa baridi kabisa, limetulia ndani ya kikopo.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani na makao yake ni Lyon, Ufaransa, lina orodha ya vitu vyote vilivyothibitishwa kuwa vyaleta saratani kwa binadamu. Katika kitabu lilichokichapa mwaka 2012 tumbaku isiyo na moshi imo katika kundi la kwanza, yaani kundi lisilo na shaka, pamoja na moshi wa sigara wenyewe. Saratani zitajwazo ni ya kinywa, ya umio, ambayo ndiyo njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, na ya kongosho. Na katika nchi ya Sudani, ambako watu hubwia tumbaku iitwayo toombak iliyochanganywa na magadi kama yetu, wataalamu wamepima nitrosamini nyingi kupita karibu tumbaku zote zilizopata kupimwa duniani.

Mtu wa haki hana budi kusema na upande wa pili. Ni kweli ugoro hauyaharibu mapafu kama sigara iyaharibuvyo, wala anayebwia hamtii mwenziwe moshi kifuani. Na Waswidi wana tumbaku yao ya kuweka mdomoni, ambayo viwanda vyao huitayarisha kwa mvuke na kuipima ili nitrosamini zipungue. Lakini ule ni wao, nao una kiwanda na mkaguzi. Wetu una kinu na kijiko. Haifai mtu wa Sirari ajifariji kwa ugoro wa Stockholm.

Nilipoanza kuyasema haya bwenini nilipata majibu 2 ambayo kila mtu anayo, na sina budi kuyajibu.

La kwanza ni kwamba ugoro ni mila yetu. Mimi ni Mkuria, naipenda mila yetu, na wala sitaki kuonekana kuwa kijana aliyesoma vidato 4 akaanza kuwadharau wazee. Lakini tumbaku si ya kwetu. Asili yake ni Amerika. Wazungu waliikuta kule baada ya mwaka 1492, wakaichukua, ndipo ilipotapakaa Ulaya na baadaye Afrika. Hilo neno nikotini lenyewe limetokana na jina la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa katika Ureno, ambaye karibu na mwaka 1560 alipeleka tumbaku kwa malkia wa kwao ati ni dawa, na watu wa baraza la mfalme wakaanza kunusa. Hivyo bibi yangu anusapo kwa ajili ya kichwa, afuata mila ya Wafaransa! Tena hao hao Wazungu ndio waliotangulia kuona hasara. Mwaka 1761 tabibu mmoja wa London, John Hill, aliandika kitabu kuwaonya watu juu ya kunusa ugoro kupita kiasi, kwa sababu alikuwa ameona wanusaji waliootwa na uvimbe mbaya puani. Hiyo ni miaka zaidi ya 250 iliyopita, nasi twaendelea kuulizana kama pana madhara.

Jibu la pili ndilo gumu zaidi, nalo ni hili: "Mbona babu yangu amebwia tangu ujana wake, na sasa ana miaka 80, na analima?" Huyo babu yuko kweli, nami nimemwona. Lakini wenzangu wa Serengeti watanielewa nikisema juu ya nyumbu. Kila mwaka nyumbu huvuka Mto Mara kwa maelfu, na wengi wao hufika ng'ambo salama, wakatikisa maji, wakala majani. Mtu akimwuliza nyumbu aliyevuka, atasema mto hauna mamba. Wale ambao wangesema vinginevyo hawapo kuulizwa. Katika kijiji chetu nakumbuka mzee mmoja aliyeanza kushindwa kumeza ugali, baadaye akashindwa uji, mwisho hata maji yalirudi, akafa amekonda kama mti. Watu walisema amerogwa. Sisemi kwa hakika kuwa ni ugoro uliomwua, kwa kuwa hakupimwa, na saratani ya umio katika nchi zetu hizi za mashariki mwa Afrika ina sababu zaidi ya moja, pombe na chai ya moto sana zikiwamo. Nasema tu kwamba alikuwa na kikopo, na kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyekitaja kikopo kile siku ya mazishi.

Tena si wazee tu. Katika jimbo la Oklahoma, Marekani, alikuwako mwanafunzi wa sekondari aitwaye Sean Marsee, mkimbiaji hodari mwenye medali nyingi. Aliiogopa sigara kwa ajili ya pumzi zake, lakini ugoro aliuona hauna neno, akaanza kuuweka mdomoni akiwa na miaka 12. Alipokuwa na miaka 18 kidonda kilitokea katika ulimi wake. Madaktari waliukata ulimi, kisha wakamfanyia upasuaji mwingine shingoni na usoni. Alikufa mwaka 1984, naye ana miaka 19. Mama yake alikishtaki kiwanda kilichoutengeneza ugoro ule, akashindwa mahakamani mwaka 1986. Hata hivyo mwaka huo huo nchi yake ilipitisha sheria ya kuwa vikopo vyote vya ugoro viandikwe onyo, na Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani akatoa taarifa ya kuwa ugoro si kitu salama cha kushika mahali pa sigara. Najua ugonjwa wa kijana yule ni wa nadra kwa umri ule. Lakini mimi nina miaka 17, na niliposoma habari zake nilihesabu kwa vidole.

Sasa nieleze jinsi nilivyoanza, kwa kuwa nadhani wengi tulianza hivyo. Hakuna rafiki mbaya aliyenishawishi, kama tunavyoandika katika insha. Niliaminiwa. Bibi yangu ndiye aliyenilea, na tangu nilipokuwa na miaka 7 au 8 alikuwa akinituma sokoni kumnunulia. Alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, onja kwanza, wasikuuzie majivu." Kwa hiyo nilijifunza kuonja ugoro kama mtoto wa mvuvi anavyojifunza kuangalia shavu la samaki. Nilipofika kidato cha pili, nikakuta baridi ya asubuhi ya Tarime na prepu ya usiku, nilikumbuka kuwa ugoro huchangamsha. Nikanunua wa kwangu.

Na kweli ulinichangamsha, kwa muda wa kama mwezi mmoja. Baada ya hapo mambo yaligeuka. Nilikuwa nikikaa darasani bila ugoro kichwa kinauma, macho yanakuwa mazito, hasira inanipanda kwa neno dogo. Nikibwia, napata nafuu. Nikadhani ugoro wanitibu, kumbe unatibu kiu ambacho umekileta wenyewe. Alama zangu za hesabu zilishuka muhula ule, na nilikuwa wa kwanza kusema kuwa bila ugoro zingeshuka zaidi. Vijana wa kidato cha nne mnaosema mnabwia ili msome usiku, nisameheni nikiwaambia kuwa hamsomi kwa sababu ya ugoro. Mnabwia ili mfike pale mwenzenu asiyebwia alipo bure.

Desemba ya mwaka juzi nilikwenda nyumbani likizo. Siku moja bibi alikuwa akinywa chai, akakunja uso, akaweka kikombe chini. Nilimwuliza ana nini. Akauvuta mdomo wake wa chini akanionyesha. Pale mahali anapouweka ugoro, upande wa kushoto, palikuwa na baka jeupe, gumu kidogo, lenye kingo zisizo sawa, na ufizi ulikuwa umeliwa mpaka mizizi ya meno 2 inaonekana. Alisema lina zaidi ya mwaka, ila haliumi isipokuwa kwa kitu cha moto.

Usiku nilichukua kioo kidogo cha dada yangu, nikavuta mdomo wangu. Sikuona baka kama lile. Lakini ngozi pale nilipozoea kuweka ilikuwa imefifia na kujikunja kunja, kama kidole kilichokaa majini muda mrefu.

Tulikwenda zahanati sote wawili. Mganga alitutazama kwa taa. Mimi aliniambia niache, nirudi baada ya miezi 2, kwa kuwa mara nyingi ngozi ya namna ile hurudi hali yake mtu akiacha. Juu ya bibi hakusema kuwa ni saratani, na alitusihi tusiende nyumbani tukasema hivyo. Alisema baka jeupe laweza kukaa bila ubaya, na laweza kugeuka, na kwa macho peke yake hakuna ajuaye. Njia ni kukata kipande kidogo sana cha nyama na kukipima katika hospitali kubwa yenye vyombo. Akaandika barua.

Mimi niliacha. Siku 4 za kwanza zilikuwa mbaya sana, nilikuwa nikilala vibaya na kugombana na mbuzi. Wiki ya tatu nilikuwa mtu. Niliporudi zahanati ngozi ilikuwa imelainika. Natoa ushahidi huu kwa wenzangu wenye vikopo, nao najua ni wangapi katika bweni letu, kwamba jambo hili lawezekana, na kwamba linawezekana zaidi kwa mwenye mwaka 1 wa ugoro kuliko mwenye miaka 40.

Nina maombi machache. Kwa uongozi wa shule yetu, naomba sheria isomeke "tumbaku ya namna yoyote" mahali pa "sigara." Hata sheria ya nchi, ile ya mwaka 2003, haikuitwa sheria ya sigara, imeitwa ya bidhaa za tumbaku, nayo yakataza kumwuzia mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini naomba tena, na hili nalishikilia zaidi, kwamba mwanafunzi atakayekuja mwenyewe kwa mlezi wa bweni na kikopo chake mkononi asipigwe wala asirudishwe nyumbani, bali asaidiwe. Kama siku ile mwalimu angalinichapa, nadhani ningalijifunza kuficha vizuri zaidi. Kama angaliniuliza tu, "Wewe unabwia tangu lini, na mdomo wako u hali gani?" pengine ningalivuta mdomo nikamwonyesha, na ningaliokoa miezi mingi. Na wale 2 niliowagawia wasingalikuja. Mmoja wao ameacha. Mwingine bado anabwia, nami kila nikimwona anatema mate nyuma ya bwalo najua nani alimpa mara ya kwanza.

Kwa wazazi na wazee wetu sina mdomo wa kuwafundisha. Mwenye kutumwa hamfundishi aliyemtuma. Ila nawaomba kitu kimoja ambacho hakiwaondolei heshima yoyote, nacho ni kutotutuma sisi watoto kununua, wala kutuonjesha. Mzee akitaka ugoro wake anayo miguu yake, au ana mwenziwe wa rika lake. Katika nchi yetu neno la wazee wa mila likitamkwa, watu hulishika kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Wakisema wao kwamba mtoto hagusi kikopo cha mkubwa, jambo hilo litafika hata vijijini ambako gazeti hili halitafika. Na akina mama, ambao nimewasikia sokoni wakisema ugoro huondoa kichefuchefu cha mimba, naomba waulize kliniki kwanza, maana tumbaku ya kubwia yajulikana kuwa huleta watoto wa kuzaliwa kabla ya wakati, au wenye uzito mdogo, au wasio na uhai. Dada zetu wa shule hii wataweza kuliandika hilo vizuri kuliko mimi, na natumaini mmoja wao ataliandika muhula ujao.

Kuna watakaosema kuwa tumbaku ni fedha za mkulima. Hiyo ni hoja kubwa, nayo yataka makala yake. Nitataja tu kwamba mwaka 2022 jirani zetu wa Migori walianza mpango, Serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharage. Mlima wa Tarime unaota maharage bila kubembelezwa.

Kuna uchunguzi uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2018, ulioonyesha kuwa katika kila watu wazima 100 karibu 9 hutumia tumbaku. Ni wachache kuliko nilivyodhani. Maana yake ni kwamba wengi katika nchi yetu hawajaingia, na shule ni mahali pazuri pa kuwazuia mlangoni.

Sasa barua ya mganga. Bibi aliisikiliza nilipomsomea, akaikunja, akaiweka katika kikapu chake pamoja na kadi yake ya kliniki, na imekaa humo tangu wakati huo. Mwanzoni alisema amebwia tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Baadaye akasema nauli ni kubwa. Baadaye akasema shamba. Amepunguza ugoro, na sasa anauweka upande wa kulia. Likizo iliyopita, tulipokuwa tunachambua maharage wawili tu, aliniambia kwamba anaogopa kukatwa, na kwamba hajamwambia mtu mwingine. Nilimwuliza kama angekwenda nikimsindikiza mimi. Akafikiri sana, akasema atakwenda nikimaliza mtihani wa kidato cha nne, yaani mwisho wa Novemba.

Nimemwandikia baba. Nimemwomba asiungoje mtihani wangu, na kama hawezi kumpeleka mwezi huu, basi aniombee ruhusa ya siku 3 kwa mkuu wa shule, nimpeleke mwenyewe.